Kutengeneza Nyumba kwa Mkono Wako Nairobi: Anza na Maji

Nyumba nyingi za Nairobi huharibiwa na maji kabla hazijaharibiwa na kitu kingine. Rangi inayobanduka chini ya dirisha, doa la rangi ya chai kwenye dari, mlango wa bafu uliovimba hadi haufungi, kona ya chumba cha kulala inayonuka uvundo kila Julai: ukifuatilia utakuta maji yamepita yasipotakiwa. Hata hivyo, mtu akiona rangi imebanduka hukimbilia kununua rangi. Anapaka Februari, panapendeza, mvua za masika zinakuja Machi hadi Mei, na kufikia Juni ukuta umerudi vilevile. Pesa imeenda, na jumapili mbili pia.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja: zuia maji, tafuta yanakotoka, acha pakauke, ndipo uzibe, utoboe na upake. Ukiruka hatua, utarudia kazi.

Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba au keateka kabla hujagusa chochote. Mtumie ujumbe wa simu wenye picha ya uharibifu, mkubaliane kwa maandishi nani atalipia vifaa na kama gharama itakatwa kwenye kodi. Piga picha tena ukimaliza. Siku ya kuhama, picha hizo ndizo zitakazokutetea deposti ikianza kujadiliwa.

Vifaa vya kuanzia

Usinunue vingi. Spana malaya mbili, yaani zile zinazopanuka mdomo, bisibisi ya bapa na ya nyota, koleo, nyundo, futi ya chuma, pima maji ya kuangalia usawa, kisu cha kukwangulia rangi, msasa wa punje kubwa na laini, tepu nyeupe ya kufungia nyuzi za mabomba, tochi, ndoo na matambara. Ongeza miwani ya kukinga macho na barakoa. Drili azima au kodisha hadi utakapojua kwamba utaitumia mara kwa mara. Vitu vidogo kama washa na tepu vinapatikana katika duka la vifaa vya ujenzi la mtaani kwako. Mbao, nenda Gikomba. Vyombo vya bati na chuma, mafundi wa jua kali wa Kamukunji watakutengenezea kwa vipimo vyako, na mara nyingi kazi yao hudumu kuliko ya dukani.

Mfereji unaodondosha

Jua kwanza unapoteza kiasi gani. Weka kikombe cha kupimia chini ya mfereji kwa saa moja, kisha zidisha mara 24. Katika mtaa wenye mgao wa maji, ambako tangi la juu ya paa lazima litoshe hadi siku ya mgao mwingine, hesabu hiyo huleta uamuzi haraka.

Mifereji iko ya aina mbili. Ile ya kuzungusha mara kadhaa ina kipira cha ndani, ambacho mafundi hukiita washa. Ile inayofunguka kwa robo ya mzunguko ina visahani vya kauri, na hiyo hairekebishwi kwa kipira: unanunua kiini kizima cha ukubwa uleule au mfereji mpya. Ya kipira ndiyo inayosumbua zaidi. Maji yakikatika halafu yakarudi, huja na hewa na mchanga, na punje hizo hubanwa kati ya kipira na kikalio chake kila unapofunga. Ukikitoa utaona mwenyewe: upande wa chini una mfuo wa duara uliochimbika kabisa, na ukingo umeganda, hauna tena ulaini wa mpira.

1. Funga koki ya kuzuia maji. Iko chini ya sinki, juu ukutani bafuni, karibu na mita, au kwenye tangi la paa. Fungua mfereji hadi maji yaishe. Yakiendelea kutiririka, koki uliyofunga siyo, au imekufa.

2. Ziba tundu la sinki kwa tambara. Skrubu ndogo ikiingia humo, kazi ya nusu saa inageuka ya siku nzima.

3. Ng'oa kifuniko kidogo cha juu kwa ncha ya kisu, fungua skrubu, toa mkono wa mfereji.

4. Shika mwili wa mfereji kwa spana moja na ufungue nati ya juu kwa nyingine. Usitumie spana moja pekee. Mfereji umefungwa kwenye kona ya bomba iliyofichwa ndani ya plasta, na katika nyumba za karibuni bomba hilo ni la plastiki ya PPR. Ukilisokota kwa nguvu, litapasuka ndani ya ukuta, nawe utavunja vigae kulifikia.

5. Toa kipira cha zamani, nenda nacho dukani. Mifereji mingi ya nyumbani ni ya nusu inchi, lakini vipira havifanani. Linganisha kwa macho na kwa kidole.

6. Pitisha kidole kwenye kikalio, pale kipira kinapokaa. Kikiwa laini, weka kipira kipya na ufunge. Ukihisi mashimo au makali, kipira kipya kitakatika muda mfupi, afadhali ubadilishe mfereji mzima.

7. Fungua maji polepole, na uache mfereji wazi kidogo ili hewa itoke.

Ukibadilisha mfereji mzima, safisha nyuzi, zungushia tepu nyeupe mizunguko 8 hadi 10 kuelekea upande uleule ambao mfereji utakazwa, ili usiikunjue unapoingia. Ukishakaza, usirudishe nyuma hata kidogo kwa ajili ya kunyoosha mdomo. Ukirudisha, tepu imekwisha kazi, toa uanze upya.

Bomba lenyewe la PPR likivuja, mwite fundi. Huunganishwa kwa mashine ya joto la nyuzi 260 hivi, na gundi ya dukani haishiki.

Choo kinachovuja kimyakimya

Choo kinaweza kumaliza tangi bila sauti. Mimina chai ya rangi iliyokolea ndani ya tangi la choo, usivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, kipira cha chini ya tangi kimechakaa au kimekalia uchafu. Funga maji, vuta, futa kikalio kwa tambara, na kama bado kinavuja badilisha kipira. Rangi isipoonekana lakini unasikia maji yakiingia kila mara, tatizo ni boya: maji yanapanda hadi kuingia kwenye bomba la kuzuia kufurika. Rekebisha boya hadi maji yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba hilo.

Sinki iliyoziba, weka ndoo chini, fungua kwa mkono ile kona ya bomba iliyopinda, safisha mafuta yaliyoganda, rudisha. Usimwage asidi kisha ufungue kona hiyo, itakumwagikia mikononi. Na kamwe usichanganye asidi na dawa ya klorini: hutoa gesi ya sumu, na bafu nyingi za gorofa zina dirisha dogo mno kuitoa.

Unyevu ukutani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu unyevu wa aina nne hufanana ukiwa umesimama sebuleni.

Unaopanda kutoka ardhini hukaa chini, kwa kawaida haupiti mita moja kutoka sakafuni, na huacha mstari wa ungaunga mweupe. Ungaunga huo ni chumvi. Uguse: unabaki kwenye kidole, mkavu, na plasta iliyo nyuma yake inabonyea. Unaotoka kwa mvua huja na mvua na huondoka nayo, mara nyingi chini ya dirisha, kwenye ukuta unaopigwa na upepo, au chini ya paa la zege. Unaotoka kwa bomba haujali msimu, na ukuta wa nyuma yake ni bafu au jikoni. Wa nne ni pumzi yetu wenyewe, mvuke wa sufuria na nguo zilizoanikwa ndani: hushika kuta baridi wakati wa baridi ya Juni hadi Agosti, huleta kuvu nyeusi pembeni na nyuma ya kabati.

Kama huna hakika, kata karatasi ya nailoni mraba wa sentimita 40 hivi, ibandike ukutani kwa gundi ya tepu pande zote nne, iache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni hewa ya ndani. Yakiwa nyuma, ukuta wenyewe unaleta maji.

Hewa ya ndani haihitaji fundi. Fungua madirisha asubuhi, funika sufuria, sogeza kabati mbali na ukuta wa nje. Osha kuvu kwa maji ya sabuni na dawa ya klorini iliyozimuliwa, ukiwa umevaa barakoa na dirisha liko wazi.

Unyevu wa ardhini, toka nje uangalie. Mara nyingi mtu amejaza udongo wa maua au kokoto hadi ukapita kiwango cha sakafu ya ndani, na ukarabati wote wa ndani ni bure hadi udongo huo uondolewe. Ardhi ya nje inapaswa kuwa chini ya sakafu kwa sentimita 15 angalau, na iteremke kutoka kwa nyumba. Palipo na ule udongo mweusi wa mfinyanzi, maji husimama muda mrefu, kwa hiyo mtaro mdogo wa kuyatoa una faida kuliko kopo la rangi yoyote ya kuzuia unyevu.

Mvua, tazama juu. Safisha mifereji ya paa Februari na tena Septemba, kabla ya masika na kabla ya vuli. Kwenye mabati, misumari ndiyo huvuja kwanza: kipira kilicho chini ya kichwa chake hukaushwa na jua na kupasuka. Ukipanda, iwe siku kavu, kuna mtu chini, na ukanyage kwenye mistari ya misumari ambako kuna mbao. Paa la asbesto la nyumba za zamani usilikanyage, usilitoboe, usilikate wala kulipiga brashi. Vumbi lake husababisha saratani, na kulitoa ni kazi ya wenye leseni.

Chanzo kikishazibwa, kwangua rangi na plasta yote iliyolegea, na upite eneo bovu kwa sentimita 30 kila upande. Chumvi ipigwe brashi ikiwa kavu, kwani ukiiosha inarudi ndani. Kisha subiri. Hapa watu wengi wanashindwa, na nawasihi msishindwe: ukuta wa mawe uliolowa huchukua wiki nyingi kukauka. Ukibandika nailoni tena na nyuma yake ni kukavu, endelea. Lowesha kingo kidogo, changanya saruji moja kwa mchanga safi nne, bandika kwa tabaka zisizozidi unene wa kidole, nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa ili isipasuke. Plasta mpya ya saruji iache wiki 4 hivi kabla ya rangi.

Ufa: upi ni wako, upi ni wa mhandisi

Nyufa nyembamba kama unywele zilizotapakaa kwenye plasta ni za kukauka. Panua kidogo kwa kisu, toa vumbi, jaza fila ya kuzibia kuta, piga msasa.

Ufa unaopita kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, unaoingia kalamu, au unaoonekana ndani na nje ya ukuta uleule, usiuzibe. Chora mstari wa penseli kila mwisho wake, andika tarehe, piga picha pamoja na futi. Ukirefuka au kupanuka, au mlango ukianza kukwama ghafla karibu nao, mwite mhandisi. Kwenye nguzo au mhimili wa zege hakuna kusubiri wiki, unatoka na kuwaambia majirani. Mwezi wa Aprili 2016 jengo la orofa sita liliporomoka Huruma katika mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 45. Kuzibia ufa wa namna hiyo kwa fila ili nyumba ipate mpangaji ni kuhatarisha uhai wa watu.

Stima: mpaka uko wapi

Stima ya Kenya ni volti 240. Badilisha balbu, badilisha plagi, badilisha fyuzi ya plagi. Katika plagi, waya wa kahawia ni wa moto na huenda upande wenye fyuzi, wa buluu ni nyutro, wa kijani na manjano ni wa ardhi. Taa ya mezani au redio hutosheka na fyuzi ya ampia 3. Birika na pasi ni 13. Bonyeza kitufe cha kujaribia kwenye kikata-stima cha boksi la swichi mara moja kwa miezi mitatu. Kisipokata, kimekufa, na hakitakuokoa.

Zaidi ya hapo, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na umwombe akuonyeshe leseni hiyo. Nasema hivi hasa kuhusu shawa za stima zinazopasha maji papo kwa papo, zinazopatikana karibu kila gorofa. Shawa hiyo hula wati zaidi ya 4,000, ilhali soketi ya ampia 13 inabeba kama 3,000. Inahitaji waya wake mnene, swichi yake na waya wa ardhi uliounganishwa kweli. Ukihisi mwasho unapogusa mfereji wakati shawa imewashwa, zima kwenye boksi la swichi, na mtu asioge hapo hadi iangaliwe.

Kutundika rafu kwenye jiwe

Kuta nyingi za hapa ni mawe ya Ndarugo yenye plasta juu, na zile za gorofa huchanganya zege. Msumari wa kawaida utapinda au utabomoa plasta. Tumia drili yenye kugonga na biti ya kutobolea mawe.

Kabla ya kutoboa, tazama swichi na soketi zote za ukuta huo. Waya hupanda na kushuka wima kutoka kwazo, na wakati mwingine hupita mlalo kati ya mbili. Usitoboe kwenye njia hizo, wala juu ya mfereji au shawa. Pima kwa pima maji, weka alama, funga kipande cha tepu kwenye biti kuonyesha kina. Kwa rafu ya vitabu tumia plagi ya milimita 8, ile ya plastiki inayoingia tunduni kushika skrubu, na skrubu ya milimita 60 au zaidi, kwa sababu sentimita moja na nusu ya kwanza ni plasta tu na haishiki kitu. Anza polepole bila kugonga ili biti isiteleze, halafu washa kugonga. Toa vumbi lote tunduni kabla ya kuingiza plagi. Tundu likija kubwa kuliko plagi, usijaze vijiti vya kiberiti: sogea sentimita tano, toboa upya, ziba la kwanza. Katika gorofa, toboa mchana wa Jumamosi, na uwaambie jirani wa upande wa pili wa ukuta. Wanaweza kuwa na mtoto mchanga.

Rangi, mwisho kabisa

Hesabu kwanza. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kuta za mita 2.6 kina mzunguko wa mita 14, yaani mita za mraba 36. Toa mlango na dirisha, zinabaki 32 hadi 33. Lita moja ya rangi ya maji hupaka takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja. Kwa mikono miwili utahitaji lita 6 na nusu, kwa hiyo nunua mikebe miwili ya lita 4, yote siku moja na yenye namba moja ya mchanganyiko.

Jua ukuta una rangi gani sasa. Sugua kwa tambara lenye spiriti: ikitoka kwenye tambara, ni rangi ya maji. Isipotoka, yaelekea ni ya mafuta, na rangi ya maji juu yake itabanduka kama ngozi usipoukwaruza wote kwa msasa na kuupaka kwanza rangi ya kushikiza. Katika nyumba kuukuu, lowesha ukuta kabla ya msasa na uwatoe watoto, maana rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi. Viwango vya sasa vya Kenya haviruhusu zaidi ya sehemu 90 kwa milioni, hivyo uliza na usome mkebe unaponunua mpya.

Osha mafuta ya jikoni kwa sabuni, suuza, acha pakauke. Jaza mashimo, piga msasa, futa vumbi kwa tambara lenye unyevu. Plasta mpya ipakwe kwanza rangi iliyozimuliwa kwa maji kidogo, vinginevyo itainywa na kuacha mabaka. Anza na dari, kisha kingo na pembe kwa brashi, kisha ukuta kwa rola kabla kingo hazijakauka, ukienda juu na chini kwa vipande vya upana wa mita moja na kila kipande kikipita kidogo juu ya kilichotangulia. Usibonyeze rola ili kubana rangi, ichovye tena. Mkono wa pili usubiri saa zilizoandikwa kwenye mkebe, na siku za ukungu wa Julai uongeze.

Tepu ya kingo itolewe rangi ingali mbichi kidogo. Brashi za rangi ya maji zioshwe kwenye ndoo. Zile za mafuta kwa tapentaini, na tapentaini hiyo isimwagwe sinkini wala kwenye mtaro wa mtaani. Rangi iliyobaki ihamishie kwenye chombo kidogo kinachojaa hadi juu ili isigande, andika juu yake namba ya mchanganyiko, jina la chumba na mwezi, na ukiihifadhi mahali penye kivuli utakuwa na ya kuzibia mikwaruzo bila kupaka ukuta mzima.